Mwaka wa Kuonja Moshi

Tulimzika Fulgensi Jumatano, hapa Mlabani, na sikutoa hata chozi moja. Nilikwenda kwa sababu katika mji huu usipoonekana msibani utaulizwa, na mimi sina hamu ya kuulizwa. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikamenya vitunguu, nikasikiliza watu wazima wakipokezana kipaza sauti kumsifu marehemu: mtaalamu wa kilimo, msomi wa Kuba, mtu aliyeileta Ifakara kazi ambayo haijawahi kuonekana bondeni. Mwenyekiti wa mtaa akasema marehemu alikuwa mtu wa huruma. Huruma! Nilikata kitunguu kwa nguvu mpaka mama mmoja akaniambia, "Taratibu, Mama Neema, utakata kidole." Nilitaka kumwambia kwamba huyu mnayemlilia aliwahi kunisimamisha mbele ya watu saba akaniuliza swali moja tu, na jibu nililompa limenikaa kooni mpaka leo. Sikusema. Watu wa hapa wanajua kuwa Fulgensi ndiye aliyemfukuza kazi mwenzetu Kabula, na mimi nimewaacha wajue hivyo kwa sababu ilinifaa. Lakini sasa amekufa, hawezi kubisha, na mimi hata ubaya wangu unakataa kumsingizia maiti. Kwa hiyo naandika.

Mwaka wenyewe ni ule nilipotimiza ishirini, kabla ya daraja, mto Kilombero tukiuvuka kwa pantoni. Fulgensi alirudi kutoka Dar na masanduku yake, akakodi banda mtaa wa Viwanja Sitini lililokuwa stoo ya mbolea, akalipiga chokaa, akaweka meza moja ndefu ya mninga, akatangaza kazi ya kusokota siga. Watu walicheka. Siga ni ile sigara nene kama kidole gumba cha mkulima, jani tupu, haina karatasi wala kichungi, wanayovuta wakubwa wakishashiba. Alijifunza kuipenda huko Kuba alikosomea, na akili yake ilimwambia kwamba bonde linalootesha mpunga na miwa na kokoa haliwezi kushindwa na tumbaku. Tulikwenda kujaribiwa watu kama thelathini. Aliweka vikombe vitatu vilivyofunikwa. Unafunua, unanusa, unasema. Wengi walisema kahawa, karafuu, maji. Mimi kikombe cha tatu nikamwambia, "Humu kuna maji yaliyozimiwa kiberiti." Akanishika kidevu akaniinua uso, mtu hata jina hajaniuliza, akasema, "Wewe husokoti. Wewe utaonja." Ningejua, na mimi ningesema maji.

Chumba changu tulikiita chumba cha moshi, ingawa kilikuwa kona tu ya lile banda iliyozibwa kwa mbao. Kulikuwa na dirisha moja lenye wavu, viti viwili, saa ya ukutani, sahani ya majivu, birika la chai ya rangi isiyo na sukari, na bakuli la mihogo ya kuchemsha isiyo na chumvi, ya kusafishia ulimi. Nilianza saa mbili asubuhi, ulimi haujachoka. Sikuruhusiwa pilipili, kitunguu wala mafuta yenye manukato. Wasokotaji walikuwa saba, na kila mmoja alileta kazi yake ya juzi, mimi nachagua moja. Kwanza mkono. Unaiviringisha siga kati ya vidole kutoka kichwani, upande wa mdomo, mpaka mguuni, upande wa moto, unatafuta palipo pagumu na palipobonyea. Palipo pagumu moshi utakwama, palipobonyea moto utakimbia. Halafu macho: lile jani la nje, ambalo sisi tuliliita koti, liwe limelala bila mishipa mikubwa, mshono uzunguke sawasawa, na kile kipande cha kufunika kichwa kisiwe na gundi iliyovuja. Halafu unakata kichwa na kuvuta kabla ya kuwasha, upime hewa inavyopita. Ikipita kirahisi mno, tumbo la siga lina njaa. Ikigoma kabisa, aliyeisokota alikuwa na hasira, na hiyo siga haitavutika hata kwa dawa. Ndipo unawasha kiberiti, na hata hapo hupeleki moto moja kwa moja, unaizungusha siga juu ya ncha ya moto mpaka mguu wote uwe mwekundu. Unavuta taratibu, mara moja kwa dakika, humezi, unauacha moshi ukae mdomoni na kutoka. Ukiona mstari wa moto unashuka sawa pande zote, msokotaji amefaulu. Ukikimbia upande mmoja, au moto ukichimba katikati na kuacha koti linaning'inia, amefeli. Jivu la kijivu lililoshikana mpaka pingili mbili za kidole, safi. Likikupukutikia kwenye sketi kabla ya hapo, rudisha mzigo.

Ladha ndiyo iliyotugombanisha. Siga moja haina ladha moja: mwanzo inasema hili, katikati lile, mwisho inakuwa kali kwa sababu joto limesukuma mafuta yote ya jani kuja kwako. Fulgensi, ambaye sote tulimwita Mtaalamu, alikuwa amebandika ukutani karatasi ya maneno tunayopaswa kutumia: ngozi, lozi, mwerezi. "Mwerezi nimeusikia kanisani tu, Mtaalamu," nilimwambia wiki ya kwanza. "Sijawahi kuunusa." Akajibu bila kuinua macho, "Ndiyo maana uko Ifakara." Basi mimi nikaandika nilichokijua. Ukoko wa wali uliobanduliwa chunguni. Udongo wa shamba siku ya mvua ya kwanza. Karanga zilizoungua upande. Ganda la chungwa lililoangukia mkaani. Siku moja alilichukua daftari langu akalisoma mbele ya meza nzima, ameibana sauti kuniigiza. "Ukoko! Jamani, tajiri wa Dar atoe pesa yake avute ukoko!" Watu wakacheka, wafanyeje, ndiye aliyewaajiri. Nilimchukia kuanzia hapo. Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa anajua. Umfunge macho umpe siga, angekuambia imesokotwa kabla ya chakula cha mchana au baada. Angekuwa mjinga ningemdharau nikalala usingizi wangu, lakini yule bwana alikuwa mjuzi na bado ana roho mbaya.

Kabula alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Alikuwa Msukuma, mrefu, wa umri wangu. Watu wa kwao walikuja bondeni na ng'ombe yeye akiwa mdogo, na mwaka ule mambo ya malisho yalikuwa yamechacha, wakulima na wafugaji hata salamu hawapeani, ndipo baba yake akaamua kuhama tena. Walivuka mto kuelekea kusini na mifugo yote. Kabula akakataa. Alikuwa ameshaonja kazi ya mezani na hakutaka tena kufuata mkia wa ng'ombe. Alipanga chumba hapo hapo Viwanja Sitini, na katika Ifakara nzima hakuwa na ndugu hata wa kumwazima chumvi. Tulikula pamoja mchana, wali na mlenda wa mama ntilie wa jirani, na ndipo aliponieleza yake, akiniita Sko kwa kulikata jina langu, Skolastika. "Baba kasema nikibaki nisimfuate tena," aliniambia, sahani iko mapajani. "Nami namjua, akisema kasema. Nikitoka kwenye hiki kiti, Sko, sina pa kwenda. Kwa hiyo siku ukitaka kurudisha siga zangu, uniambie mapema nijipange." Alisema akicheka, na mimi nikacheka. Sikuwahi kurudisha hata moja. Zilikuwa hazirudishiki.

Vidole vya yule dada, sijui niseme nini. Wengine walisokota, yeye alikuwa kama anamlaza mtoto. Alikulia kwa Wasabato, hakuwa ameonja tumbaku maisha yake yote, na walipomtania kwamba Msabato gani anasokota sigara alijibu, "Nasokota, sivuti. Mungu ataniuliza nilichomeza." Fulgensi alipoleta kutoka ng'ambo matita mawili ya majani ya koti, laini kama ganda la ndani la kitunguu, kwa ajili ya masanduku maalumu ya mwenye hoteli mmoja wa Dar, alisema mtu mmoja tu atayagusa, naye ni Kabula. Meza ikanuna. Zile mbao za chumba changu hazikuwa na unene wowote, nilisikia kila kitu. "Wamemaliza majani ya bonde, sasa wanamaliza na kazi zetu," alisema mama mmoja. Mwingine akasema, "Subiri ng'ombe nao waje wakae mezani." Niliyasikia na sikutoka kuwakemea. Niseme kweli: nilisikia raha kidogo. Mimi nilikuwa nakohoa humo ndani kutwa nzima, macho mekundu, naitwa Mama Ukoko, na yeye anasifiwa vidole. Wivu ulinikaba, na mtu mwenye wivu akisikia mwenzake anasemwa vibaya huwa anashiba.

Masika ikaingia kwa fujo. Fulgensi alikwenda Dar kuzungumza na yule mwenye hoteli, akaniachia ufunguo wa stoo ya majani. "Ufunguo ni wako," alisema, "na kitakachoharibika ni chako." Siku ya tatu bati likatoboka juu ya kona yenye yale matita mawili ya koti. Nilifungua asubuhi nikakuta maji yanachuruzika ukutani, pembe ya tita moja imeanza kulowa. Mungu wangu! Jani la koti likipata ukungu halina dawa, na ukungu wa Ifakara wakati wa masika unaota hata kwenye viatu ulivyovivua jana. Nikayafunga kwenye kanga, nikayapakia kwenye baiskeli, nikayapeleka nilikokuwa nimepanga chumba, Mlabani kwa Mama Oliva, na nikafanya ambacho mtu yeyote aliyelelewa bondeni angefanya. Nikayapandisha juu ya jiko. Kwetu kitu cha thamani kinakaa hapo, kwenye ule uchaga wa miti juu ya moto: mbegu ya mpunga ya mwakani, mahindi ya kupanda, mbegu za maboga. Moshi unafukuza ukungu na wadudu, kila mtoto anajua. Mama Oliva aliuliza, "Majani ya nini haya, mwanangu?" Nikamjibu, "Ya wakubwa, mama." Akasema, "Basi hapo yamefika. Hata mbegu yangu iko hapo." Chini ya uchaga, kwenye chanja, alikuwa amepanga kambale na perege wake wa kupeleka sokoni, anawakausha kwa moto wa kuni mchana kutwa.

Yalikaa siku tisa. Fundi akaziba bati, nikayarudisha stoo siku moja kabla ya Fulgensi kufika, makavu kidogo, nikayapuliza maji kama tulivyofundishwa, yakalainika, hayana hata doa. Nilijiona mwanamke wa shoka. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliona hakuna cha kusema. Harufu? Sikusikia harufu yoyote. Nguo zangu, nywele zangu, mto ninaolalia, vyote vilikuwa vinanuka hivyo hivyo. Pua yangu ilikuwa imeshazoea, haikuona kitu kigeni cha kuniambia. Pua iliyonusa kiberiti kwenye kikombe cha maji.

Aliyesikia ni Kabula. Asubuhi aliyoanza kulikata lile jani aliinuka kitini, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akasimama kwenye mlango wa chumba cha moshi ameshika kipande. "Sko, hebu nusa. Hili koti linanuka kambale." Alisema taratibu, hakuwa na ubaya. Kambale kwao Wasabato haliwi, na harufu ya kitu ambacho hujawahi kukila unaijua hata ukiwa mbali. Mimi damu ilinipanda kichwani. Nilimwona Fulgensi, niliuona ufunguo, nilijiona nafungasha. Badala ya kunusa, nikapaza sauti ili meza nzima isikie. "Nusa mikono yako kwanza! Wewe mwenyewe unanuka samli, halafu unakuja kumfundisha mwonjaji kazi." Meza ikaangua kicheko, yule mama wa ng'ombe mezani akapiga na makofi. Kabula aliniangalia, akakiangalia kile kipande, akarudi kitini, akaendelea kusokota. Kuanzia siku ile wakamwita Samli. Mjini wanasema jina lile alilitunga Fulgensi. Si yeye. Nililitunga mimi.

Nilizionja siga zile. Mkono, macho, hewa, mstari wa moto, jivu, kila kitu kilikuwa kwenye nafasi yake. Hakuna kazi nzuri kuliko ile iliyowahi kupita mbele yangu. Kwenye ladha niliandika: moshi mtamu, wa nyumbani. Nilikuwa mkweli, na ndilo linaloniudhi zaidi. Ulimi wangu uliupenda ule moshi kwa sababu uliujua tangu utotoni. Masanduku yakafungwa na kwenda Dar. Mwezi haujaisha, Mama Oliva akakihitaji chumba changu kwa ajili ya mkwe wake, nikahamia Viwanja Sitini kwenye nyumba ya matofali ambayo jiko lake lilikuwa uani, la mkaa. Nguo nilizifua zote. Nilikuwa nimekaa huko wiki tatu masanduku yaliporudi.

Fulgensi hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemudu. Alitusimamisha wote kuizunguka meza, akasoma kikaratasi kilichokuja na mzigo: wageni wa hoteli wamelalamika, siga zinanuka samaki. Mama mmoja akajichekea, Fulgensi akamtazama tu, kicheko kikafa. Akatoa siga moja kwenye sanduku la juu, akanipa, akavuta kiti cha chumba cha moshi mpaka katikati ya banda. "Onja hapa hapa, wote waone." Nikaishika. Ilikuwa imebanwa vizuri, haina palipo pagumu wala palipobonyea. Nikakata, nikavuta kabla ya moto, na kabla hata sijawasha nikajua. Jamani, lilikuwa jiko la Mama Oliva lote zima, kuni, mafuta ya kambale yanadondokea kwenye makaa, mpaka sauti yake niliisikia. Nikawasha kwa sababu Fulgensi alikuwa ananitazama. Mstari wa moto ukashuka sawa, jivu likasimama pingili mbili, na samaki akakaa juu ya ulimi wangu hatoki. Nilijua siku, nilijua uchaga, nilijua kanga niliyofungia.

"Imesokotwaje?" akauliza Fulgensi.

"Vizuri," nikasema. "Haina kasoro."

"Inaungua?"

"Inaungua sawa."

"Basi kosa ni moja. Jani au mkono?"

Kila mtu alielewa swali. Jani maana yake stoo, na stoo maana yake ufunguo, na ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni kwangu. Mkono maana yake Kabula, kwa sababu hakuna mkono mwingine uliogusa lile koti. Nilimtazama. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono yake ameiweka mezani, wazi, viganja juu. Uso wake haukuwa na hasira wala haukuniomba. Alikuwa ananisikiliza, basi. Nami nilijua vizuri kabisa maana ya kile kiti kwake, aliniambia mwenyewe, sahani ikiwa mapajani.

"Mkono," nikasema.

Fulgensi akaitikia kwa kichwa, polepole. "Samli na samaki, vyote mafuta," akasema mtu, na hakuna aliyecheka. Kabula akafungua aproni yake. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja upya, akailaza mezani akainyoosha pembe. Akachukua visu vyake viwili akavifuta kimoja kimoja. Akatembea mpaka mlangoni, hana haraka yoyote, akainama akavaa viatu, kamba kwa kamba. Moyoni nilimtukana. Nilisema, mtazame, hata akifukuzwa anaringa. Kisha akatoka, na jua la saa nne likaingia pale alipokuwa amesimama.

Jioni ile Fulgensi alikuja chumba cha moshi nikiwa nasuuza mdomo kwa mara ya kumi. Alisimama akitazama karatasi yake ya maneno ukutani. "Najua lilikuwa jani," akasema. "Bati lina kiraka kipya, mimi si kipofu. Lakini msokotaji nitamfundisha mwingine. Mwonjaji ni shida kumpata." Akanipiga begani mara mbili, kama unavyompiga ng'ombe aliyelima vizuri, akaenda zake. Nilibaki na birika la chai mkononi. Mpaka dakika ile nilikuwa na matumaini kwamba nimemdanganya. Kumbe alinipa uchaguzi huku jibu analo, na mimi nikachagua alivyotaka. Huyo ndiye mtu wa huruma mliyemwekea shada. Wala hakumpata msokotaji mwingine. Wale sita walijaribu, siga zikaungua upande, mwenye hoteli akaacha kupokea simu, na kabla mpunga wa mwaka uliofuata haujavunwa lile banda lilikuwa limerudia mbolea. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikafungua genge la nyanya. Kuhusu Kabula walisema amewafuata wazazi wake kusini. Nikaamini, kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe.

Sasa pale msibani, wakati tunagawa chakula, yule mama aliyenionya kuhusu kisu akaniambia kwamba salamu za rambirambi zimekuja hata kutoka Mngeta, kuna mwenye mashine ya kukoboa mpunga aliwahi kufanya kazi kwa marehemu, dada mmoja wa Kisukuma. Nikaweka bakuli chini. Ijumaa nikapanda basi la asubuhi la Mlimba, nikashuka Mngeta, nikaulizia mashine ya Kabula, kila mtu anaijua. Nilimkuta amesimama kwenye vumbi la pumba, amejifunga kitambaa kichwani, mwili umejaa, nywele za mbele mvi tupu. Nikamsalimu. Akazima mashine.

"Skolastika," akasema. Hakusema Sko.

Sikumpa nafasi ya kunikaribisha. Nilimwaga yote pale pale, nimesimama, wateja wako nyuma yangu na magunia yao: bati, maji, kanga, uchaga wa Mama Oliva, siku tisa, ule moshi, lile neno. Nililia, mimi ambaye msibani sikulia. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi na kwamba nilimwogopa Fulgensi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akiondoa makapi kwenye mkono wa gauni lake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Uchaga. Nilikwenda kwa Mama Oliva kununua perege, siku mbili kabla ya Fulgensi kutusimamisha. Akaniuliza, yale majani ya wakubwa aliyoyaweka mwanangu juu ya jiko langu yaliishia wapi?"

Hasira ikanipanda, na ni aibu kuiandika, lakini ilipanda. "Sasa kwa nini hukusema? Si ungesema! Ungejiokoa!"

"Nimwambie nani? Mimi Samli, nimwambie Fulgensi kwamba mwonjaji wake anadanganya? Pale aliyekuwa anasikilizwa ni wewe." Akafungua kile kitambaa cha kichwani, akajipangusa uso, akakifunga tena. "Ulinionaje siku ile nikitoka? Ulidhani naringa?"

Neno lile lile nililolisema moyoni. Alijua.

"Aproni niliikunja mara mbili. Visu nilivifuta, na vilikuwa visafi. Viatu vyangu havikuhitaji kufungwa kamba, Skolastika, nilikuwa naingiza tu miguu kila siku. Nilikuwa nakupa muda. Nilifika mlangoni nikaona bado, nikainama nikafunga na kamba." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Wakati ule nilikuwa nimeshakusamehe. Nilikuwa nasubiri uniite tu."

Nilifungua mdomo. Yeye akawasha mashine, akamtazama mzee aliyekuwa nyuma yangu na gunia begani, akampungia mkono asogee.

"Pita, baba. Huyu ameshamaliza."